Mukwe wa Nani

Nilipofiwa na mume wangu, nyumba ya kambi ya wafanyakazi ilirudi kwa wenye kambi. Nikaambiwa nitafute namna ya kuishi mjini, la sivyo nipande treni nirudi kijijini. Nikapanga chumba mjini, mtaa uitwao Kenya, tukaanza kupiga pasi za makaa mimi na dada yangu. Kola zetu zilisimama zenyewe. Wateja hawakuja.

Dada akataka tupunguze bei. Nikakataa, mimi si mtu wa kujishusha. Nikamsimamisha seremala mmoja aliyezoea kupita na nguo zilizokunjamana, nikamuuliza kwa nini anatukimbia. Akacheka kwa aibu.

"Mama, niko na patalo moya tu. Nikikuachia, nitarudia nyumbani na nini?"

Kumbe suruali ni moja! Siku ileile nikasimamisha ukuta wa matete nyuma ya nyumba, nikaweka benchi, chai na vitenge vyangu. Mwanaume anavua, anajifunga kitenge, anakunywa chai, anatoka kama bwana harusi. Jumamosi zikajaa.

Kisha mama mmoja akaja kuchukua shati la mumewe, akapitiliza hadi nyuma. Akamkuta mkwe wake benchini, amejifunga kitenge changu cha maua. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani hata wakiwa wamevaa makoti. Mwanaume aliruka ukuta. Mama akatangaza mtaa mzima kwamba ninawavua nguo wakwe wa watu. Jumamosi iliyofuata benchi lilikuwa tupu, na mimi nilikuwa naiwaza treni. Niliogopa sana.

Nikatoboa mlango wa pili kwenye matete, upande wa uani. Halafu nikaenda kwa mama yuleyule.

"Mama, mulango yangu inakosa mulinzi. Hakuna mwenye anajua hii haya kupita weye."

Alininunia, lakini alikuja. Akakaa mlangoni, na kila mwanamke alipofika alipaza sauti: "Mama iko mu mulango! Ni mukwe wa nani?" Wanaume walichungulia kwenye matete, na aliyemwona mama mkwe wake akaponyokea uani na kitenge chake.

Watu wakaacha kusema wanakwenda kupiga pasi. Walisema wanakwenda Mukwe wa Nani. Wengine waliiga benchi, wakaiga na chai. Mama yule hawakumpata.

Treni niliipanda baadaye, kwenda kusalimia kijijini, tiketi ya kurudi ikiwa mkobani.