Stuli ya mama mkwe ilivyonipunguza ratili arobaini kabla ya operation

Wakuu, salamu kutoka Lanet.

Mimi ni mzee na naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo mkiona makosa nyamazeni tu. Haya yalinipata mimi mwenyewe. Kovu liko hapa kwenye kitovu, asiyeamini aje nimwonyeshe.

Juzi member mmoja alilalamika hapa. Anataka kufanyiwa operation ya kupunguza unene, na daktari amemwambia kwanza apunguze unene. Mkamcheka kurasa tatu nzima.

Mimi sikucheka. Nilirudi miaka ya sabini, mwanzo mwanzo.

Nilikuwa karani wa mizigo kwenye reli, hapo Nakuru. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti na kuandika magunia ya ngano na viazi vilivyoshuka kutoka Mau Narok. Nyumbani nilikuwa na mke, Nasimiyu, na Nasimiyu alijua kupika. Sitaeleza zaidi, nitalia.

Tuliishi landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli. Chumba kimoja, jiko nje, geti moja la kuingilia.

Siku moja nikainua gunia kumwonyesha kijana wa kazi jinsi ya kuinua gunia. Kitovu kikatoka nje kama yai. Ngiri.

Daktari alinitazama nikiwa nimelala pale hospitalini, akatazama mlima uliokuwa mbele yake.

"Nikikulaza na hili tumbo, unaweza kukosa kuamka," akasema. "Toa ratili arobaini, rudi baada ya miezi mitatu. Na usicheze. Hiyo kitu ikijinyonga huko ndani, utakufa."

Wakuu, niliogopa. Usiku huo sikula kabisa. Asubuhi nikala za jana na za leo.

Mizani ya kunitosha haikuwa rahisi kupata. Nikawa nakwenda kila Jumamosi kwa Mzee Karsan, Mhindi wa duka la nafaka, ananipima kwenye mizani ya magunia. Napanga foleni nyuma ya mahindi.

Wiki ya kwanza nilivua viatu. Wiki ya pili nilivua koti. Wiki ya tatu nilipita kwa kinyozi kwanza.

"Wewe punguza nywele tu," Mzee Karsan akaniambia. "Tumbo iko palepale."

Nilijaribu pia mazoezi. Nikatembea kwa miguu mpaka huku Lanet na kurudi. Njiani kulikuwa na mama wa mandazi, na mtu hawezi kumpita mama wa watu bila kumsalimia. Jumamosi iliyofuata nilikuwa nimeongeza ratili mbili.

Mwezi ukaisha hivyo. Ngiri ikaanza kuuma nikikohoa. Nasimiyu alikuwa ananitazama tu.

Halafu mama mkwe akashuka kwa treni kutoka Bungoma.

Hapa wasiojua mila zetu Wabukusu wanisikilize vizuri. Mkwe na mama mkwe hawazoeani. Humpi mkono, huketi naye chumba kimoja, huli akikuona, hulali alipolala. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Hiyo ndiyo heshima.

Sasa niambieni, heshima hiyo utaiweka wapi katika chumba kimoja cha landhi?

Nilihama siku hiyohiyo, nikaenda kwa Opiyo, mfanyakazi mwenzangu wa reli, kapera aliyepanga nje ya landhi. Opiyo alipika kabichi kwa maji na chumvi. Jumapili aliongeza chumvi.

"Mathe anakaa mpaka lini?" nikamuuliza Nasimiyu pale kazini.

"Mgeni haulizwi," akajibu, akanipa kopo la sukuma wiki na ugali wa ukubwa wa ngumi ya mtoto.

Na huyo mama, kila asubuhi, alichukua stuli yake akaketi getini akichambua maharagwe. Mbele yake, ng'ambo ya barabara, ndiyo hoteli niliyokuwa nakula chapati tangu niajiriwe. Nikawa sina chapati, na kwa kuwa njia ya kazini ilipita hapohapo getini, nikawa nazunguka nyuma ya yadi nzima ya reli, asubuhi na jioni, mvua na jua.

Siku moja njaa ilinishinda. Nikaingia hoteli kwa mlango wa nyuma, nikaagiza karanga ya nyama na chapati nne. Sahani inafika, nachungulia dirishani, naona mama mkwe anavuka barabara kuja kununua majani chai.

Niliingia chini ya meza. Na ngiri yangu.

Nilimsikia akisalimia watu wote humo ndani kwa jina. Aliulizia watoto wao. Halafu nikaona miguu ya mhudumu.

"Boss, hii umemaliza?"

Ningejibu, angesikia sauti yangu. Sahani ikaondoka. Nilihuzunika vibaya sana siku ile.

Miezi miwili, wakuu. Suruali nikafunga kwa kamba ya gunia. Jumamosi ya mwisho Mzee Karsan alisukuma vyuma vya mizani huku na huku, akanipima mara mbili, kisha akaita mke wake aje aone. Ratili arobaini na moja zimetoka.

Nikapelekwa theatre. Nikaamka.

Nasimiyu alikuwa kando ya kitanda. Kitu cha kwanza nilichouliza ni kama mama yake bado yupo.

"Amepanda treni leo asubuhi, daktari aliposema operation imeenda salama," akasema. "Mimi ndiye nilimwandikia barua aje."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba wewe unaogopa kitu kimoja tu duniani kuliko kufa."

Kumbe kila Jumamosi Nasimiyu alipita kwa Mzee Karsan kuuliza, na mama yake alikuwa anangoja getini kusikia ratili ngapi. Maharagwe yake mwenyewe yalikuwa yanaozea shambani. Baridi ya Nakuru ilimpiga pale kwenye stuli miezi miwili, kwa ajili ya mtu asiyeweza hata kumtazama usoni.

Nililia, wakuu. Kisha nikacheka, na nyuzi zikauma, nikalia tena.

Nilimtumia blanketi. Ana kwa ana sikuwahi kumwambia asante mpaka alipofariki, mila haikuruhusu. Basi nasema hapa, asante mama.

Nilichojifunza ni kwamba diet ya peke yako ni kujidanganya. Tafuta mtu unayemwonea haya, akae mlangoni.

Wenye experience kama hii tupieni zenu hapa chini. Na wewe member uliyechekwa juzi, usife moyo. Nina swali moja tu kwako: mama mkwe wako anaishi wapi?