Mama Eliwaza na Daftari la Wapiga Kura

Siku yangu ya kwanza kazini niliandika uongo bila kujua kuwa ni uongo. Nilikuwa nimeacha kufundisha shule ya msingi huko Unyambwa, nikaajiriwa na gazeti dogo la kila wiki mjini Singida. Ofisi ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mhariri, mwanamume mrefu mwenye sauti ya chini, alinituma kwenye baraza la madiwani, yaani kile kikao ambamo madiwani wa kata zote huihoji halmashauri. Nikarudi na kurasa mbili. Alisoma mstari wa kwanza akaweka kalamu mezani.

"Umeandika wananchi wamemchoka diwani wao. Nani kakuambia?"

"Kila mtu anajua, mzee."

"Huyo kila mtu anaitwa nani? Anakaa mtaa gani?"

Akanirudishia karatasi. "Nenda kamtafute. Ukimkosa, futa."

Nilimkosa, nikafuta.

Baadaye alinipeleka Itigi kuwa mwandishi wa eneo. Niliripoti mikutano ya vijiji, ambako warina asali na wafugaji walibishana juu ya mipaka ya pori hadi jua linazama. Huko nilijifunza kukaa kimya na kuandika maneno ya mtu kama alivyoyasema, hata pale ambapo mimi ningeyasema vizuri zaidi. Niliporudi mjini, Mhariri alinipa safu. Safu ni kona ya gazeti ambayo mwandishi mmoja huijaza kila toleo kwa maoni yake, chini ya jina lake. Yangu ilihusu siasa, uchaguzi na haki za raia. Wengi hudhani mwenye safu ana ruhusa ya kusema lolote. Mhariri aliamini kwamba mwenye safu ndiye anayepaswa kuwa na ushahidi mwingi kuliko wote, maana anamhukumu mtu.

Jambo lililonifunza kazi hii hasa lilitokea katika kijiji kimoja upande wa Sekenke, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu. Daftari la wapiga kura huwekwa wazi mapema ili kila mtu ahakikishe jina lake, na likiwa na kosa lirekebishwe. Nilimkuta Mama Eliwaza nje ya ofisi ya kijiji, mkulima wa alizeti, mjane, kitambaa cheupe kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa gazeti? Basi andika kwamba nimekufa."

Nilidhani anatania. Aliniongoza hadi kwa karani, akamwomba arudie aliyomwambia asubuhi. Karani, kijana mwenye adabu, aliona aibu. Kwenye orodha ya waliofutwa kulikuwa na jina la Mama Eliwaza, na mbele yake neno moja: marehemu. Aliyekuwa amefariki ni shangazi yake, ambaye Mama Eliwaza alirithi jina lake lote. Karani alisema hana uwezo wa kulirudisha jina, aende wilayani. Mama alikuwa ameshakwenda mara mbili, na mara zote aliambiwa arudi kwa karani.

"Mama, kura moja haitabadili kitu," karani alimwambia kwa upole. "Wapo watu wengi watakaopiga."

"Watapiga zao," alijibu. "Nani atapiga yangu?"

Kisha akamwomba kipande cha karatasi. "Niandikie hapa kwamba umeniona, tumesalimiana, na kwamba nimekufa. Nitaweka dole gumba."

Karani alishindwa kuandika. Mimi niliandika yote.

Watu wa kijiji walininong'oneza kwamba jina lilifutwa makusudi, kwa sababu mama huyo alikuwa amempinga mwenyekiti wa kijiji hadharani kuhusu ardhi ya machimbo. Niliamini mara moja. Nilirudi mjini na hasira, nikaandika safu kali kuliko zote nilizowahi kuandika. Mhariri aliisoma akiwa amesimama. Akachora mstari juu ya aya nzima ya mwenyekiti.

"Ulimwona akifuta?"

"Hapana. Lakini mzee, hii ndiyo nguvu ya safu!"

"Nguvu ya safu ni mtu aliye hai amesimama mbele ya karatasi inayosema amekufa. Ulimwona?"

"Nilimwona."

"Basi hapo ndipo pa kusimama."

Nilikasirika. Nilihisi amekuwa mwoga. Gazeti likatoka, na siku ya pili msimamizi wa uchaguzi aliingia ofisini mwetu mwenyewe, gazeti mkononi, akitaka tukanushe. Mhariri alimkaribisha kiti.

"Mheshimiwa, nionyeshe sentensi isiyo ya kweli, nami nitaikanusha ukurasa wa kwanza."

Msimamizi alisoma safu yangu mbele yetu tangu mwanzo hadi mwisho. Akairudia. Nilijua kwamba kama aya ile ingekuwemo, angeweka kidole hapo na tungekwisha. Aliondoka bila kuaga. Wiki hiyohiyo jina la Mama Eliwaza lilirudishwa. Watu wa vijiji vya jirani waliosikia habari ile walikwenda kukagua majina yao, na wengine nao walikuta makosa wakayarekebisha kabla muda haujaisha.

Siku ya kura nilisimama umbali unaoruhusiwa nikimwona akitoka kituoni, kidole kina wino. Nilimuuliza amemchagua nani. Alinitazama kwa mshangao wa kweli.

"Hee! Baada ya tabu yote hiyo, unataka kura yangu nikupe wewe?"

Sasa nimestaafu. Waandishi vijana huja kunisalimia, nami nawasifu: wanaandika kwa simu, habari inafika Manyoni kabla sijamaliza kuvaa miwani. Huniuliza kama tuliwaogopa wakubwa. Tuliogopa sana. Ndipo huwasimulia mazishi ya Mhariri.

Tulimzika mchana, Wakristo na Waislamu pamoja. Nilikuwa nimeandaa kurasa tatu za kumsifu. Kabla yangu aliinuka mzee mmoja na fimbo, nikamtambua kwa shida: alikuwa yule msimamizi wa uchaguzi. Alisema, "Mtu huyu alinikosesha raha miaka mingi. Nilimtafutia kosa kila Ijumaa gazeti lilipotoka. Hakuwahi kunisingizia hata mara moja." Akaketi, akajifuta macho.

Nilipoitwa, nilitazama kurasa zangu tatu, nikazikunja. Nikawaambia watu kwamba mzee wa fimbo ameshasema yote.