Ekiru na Vidole vya Soko

Mimi Dadacha simwamini mtu, na sioni aibu kusema. Nimekuwa dalali katika soko la mifugo hapa Isiolo miaka thelathini na moja, na mtu akiniapia mara mbili kwamba ngamia wake ni mzima, naangalia miguu. Kwa hivyo redio iliposema ati watu saba kati ya kumi katika kaunti yetu wanaona kundi la Mzizi limeishiwa nguvu, nilicheka mpaka chai ikanipalia.

Mzizi ni ule upande mkali wa chama chetu cha siasa, Malisho. Hawakuwa wengi, ila walikuwa na makelele. Walisema soko ni la wale ambao babu zao walichimba visima huku, wengine wote ni wageni. Msemaji wao hapa sokoni alikuwa Abdirahman, dalali wa ng'ombe. Miaka mitatu iliyopita, wakati wa kampeni, alipanda juu ya lori la mbuzi akasoma majina ya wageni wanaotakiwa kuondoka. Jina la kwanza lilikuwa la Ekiru.

Mgeni gani, jamani? Ekiru alizaliwa Burat, hapa hapa Isiolo. Ni Mturkana, kweli, lakini soko hili alianza kulijua akiwa kijana wa kubeba maji ya kunyweshea mbuzi, na udalali nilimfundisha mimi. Ni mtu mpole hadi anaudhi. Siku ya soko huvaa shati iliyopigwa pasi, kwenye vumbi hili! Husema na mbuzi kwa Kiturkana kabla ya kumshika, na akisema huyu anaumwa, basi anaumwa. Wafugaji wa kwao walikuwa hawampi mnyama dalali mwingine.

Siku ile ya lori hakubishana. Aliokota fimbo yake akaenda zake Burat, akaanza kuchoma matofali. Sisi wengine tulitazama chini. Wafugaji wake wakaja kwangu, kwani wangempelekea nani? Nikawapokea.

Hiyo hesabu ya redio ilianzia kwa msichana wa utafiti, Ruweida, aliyekuja mwezi uliopita na tableti yake. Adabu nzuri, salamu nzuri. Akatuuliza pale kwenye ua, watu wote wakisikiliza: unaona ushawishi wa upande mkali wa chama umepanda, umebaki vilevile, au umeshuka? Umeshuka, umeshuka, umeshuka. Kila mtu alijibu huku akimwangalia jirani yake. Abdirahman naye akasema umeshuka. Ala! Mtu anajitangazia matanga! Hapo ndipo nilipojua kuna jambo.

Jumatatu baada ya ile habari ya redio, Ekiru akatokea. Mikono imepasuka kwa udongo.

"Salaam aleikum, baba," akasema. Yeye ni Mkristo, lakini mimi hunisalimia hivyo, na huniita baba.

"Aleikum salaam. Umesikia redio ukaamini?"

"Nimesikia. Nataka kurudi, lakini naogopa. Nakaale ameniambia nikirudi nifukuzwe tena mbele ya watoto, yeye hakai Burat tena. Anawachukua anaenda kwao Lodwar. Mke wangu hatishii bure, baba, unamjua."

Ninamjua. Nakaale akisema, jambo limekwisha.

"Hawa watu ni waongo," nikamwambia. "Wanasema Mzizi imekufa kwa sababu imepoteza kura, si kwa sababu mioyo imebadilika. Wewe unataka kujua ukweli? Usiulize mdomo. Uliza vidole."

Asiyejua soko letu nimweleze. Bei hapa haitajwi kwa sauti. Mnashikana mikono chini ya shuka, na unamkamata mwenzako vidole: kimoja ni moja, mkono mzima ni tano. Mdomo unaweza kulia, unaweza kuapa, lakini bei ni ile ya vidole. Ukishakamata hurudishi nyuma. Na cha shuka hakisemwi kwa mtu wa tatu. Dalali anayetoboa siri ya shuka hapati tena mkono wa kushika.

Ekiru akaelewa mara moja. Akajitupia shuka begani, akaenda kwa dalali mmoja mmoja. Swali lake lilikuwa fupi: nikirudi, utanipokea? Tano ni karibu kabisa, moja ni kaa huko huko.

Nilikaa kwenye jiwe langu nikiwakodolea macho. Nilitaka kuwanasa. Huyu anacheka sana, basi amempa moja. Yule anamshika bega, mnafiki mkubwa, huyo naye moja. Alipofika kwa Abdirahman walikaa muda mrefu chini ya ile shuka, na Abdirahman hakuinua uso. Nikasema moyoni, wallahi, nilijua.

Ekiru akazunguka wote tisa. Kisha akaja kwangu, akaingiza mkono wake chini ya shuka, akaulaza mkononi mwangu.

"Na wewe, baba?"

Nilidhani ni mzaha. Mimi! Lakini mkono ulikuwa umelala pale unangoja. Nikawaza wale wafugaji wake, ambao sasa wanakuja kwangu moja kwa moja bila kuuliza bei kwa mwingine. Nikawaza ua wangu ulivyojaa miaka hii mitatu. Nikajiambia ninamlinda, nikajiambia kuhusu Nakaale na watoto. Halafu nikakamata kidole kimoja.

Ningependa kusema mkono uliteleza. Hapana. Nilikamata, nikakaza.

Ekiru hakuutoa mkono wake haraka. Aliuacha pale, kama anayengoja niongeze. Mimi nikaongeza maneno badala ya vidole.

"Ni kwa ajili yako," nikasema. "Si unawajua hawa. Watakugeuka."

"Cha shuka hakisemwi kwa mtu wa tatu," akajibu polepole. "Lakini wewe ndiye uliyenifundisha, kwa hivyo leo nitavunja. Hakuna aliyenipa chini ya tatu. Abdirahman amenipa nne, na ameniomba msamaha. Ni wewe tu."

"Sasa utarudi?"

"Nitarudi. Nilikuacha wa mwisho kwa sababu wewe nilikuwa nimeshakuhesabu tano. Nilimwambia hivyo hata Nakaale."

Akakunja shuka yake vizuri, kona kwa kona, akaondoka.

Alirudi Alhamisi, shati imepigwa pasi. Anasimama upande wa pili wa ua, karibu na Abdirahman, na wafugaji wake walivuka wakamfuata siku hiyo hiyo. Hakuna mwingine anayejua nilichofanya. Watu hata husema hapa sokoni, mbele yangu, kwamba mzee Dadacha ndiye aliyemtetea Ekiru wakati wa Mzizi, na Ekiru husikia na hawakanushi. Kila asubuhi hunipitia, hunipa mkono, huniuliza habari ya nyumbani kwa heshima zote. Kila asubuhi natamani anitukane.