Ufagio Mlangoni mwa Pango

Juzi nilifuatana na mtafiti wa konokono hadi kwenye pango moja la mawe ya chokaa, nje kidogo ya Tanga. Kijiji kilikuwa na habari zetu. Mlangoni mwa pango tulimkuta mama mmoja na ufagio wa chelewa mkononi, ardhi imefagiliwa kama ua wa asubuhi ya Idi.

“Shikamoo mama,” mtafiti alisema.

“Marahaba mwanangu. Karibuni, tumewasafishia.”

Mtafiti alichuchumaa, akapapasa ardhi tupu. “Majani yaliyokuwa hapa yako wapi?”

“Tumeyachoma. Wageni mpokewe na takataka?”

Akamweleza taratibu kwamba konokono hao, wadogo kama punje ya mchele, huishi ndani ya majani yale yanayooza, na hawajapata kuonekana kwenye kilima kingine ila hiki chenye pango. Mama akaulaza ufagio chini.

“Nasi tulifagia kwa ajili yao, tuliposikia mnakuja kuwaona.”

Sisi watu wa pwani hatukubali mgeni akute jani uani. Ni adabu nzuri, ila safari hii tulimpokea mgeni kwa kumchoma mwenyeji.

Tulipoondoka, mama alikuwa akizoa majani makavu kichakani na kuyarudisha mlangoni kwa mikono.

“Labda wamo waliojificha ndani,” alisema. “Wasije wakatoka wakakuta hawana kwao.”