Uzi wa Mjomba

Tulimwita Uzi. Miaka thelathini na moja alikata tiketi za ndege katika ofisi niliyokuwa nikiifagia, na kusoma ramani nilijifunza nyuma ya bega lake. Mteja akiuliza umbali wa mji fulani, Uzi alinyoosha uzi mweusi juu ya tufe la dunia, akaupima kwa rula, akataja kilomita.

"Hiyo ni njia ya kunguru, mama, ya kuruka moja kwa moja. Sasa tuhesabu yako."

Akafungua kitabu kinene cha ratiba, akaandika kwenye karatasi saa za angani, saa za kusubiri, foleni ya pasipoti, na njia hadi mlangoni. Sikusikia hata mmoja aliyekosa harusi kwa karatasi ile. Ofisi ilipofungwa alipewa lile tufe, kama mtu anavyorushiwa mfupa.

Jumanne dada yake akafariki, nami nikaenda msibani. Binti wa marehemu hufanya kazi ng'ambo. Angeondoka Jumatano saa kumi jioni kwa saa zetu. Kaka wa binti huyo, kifungua mimba, ndiye aliyeshika mipango ya mazishi. Akabonyeza simu mbele ya ukoo mzima.

"Kilomita elfu saba na mia mbili. Saa tisa tu. Saa saba usiku yuko hapa, analala, Alhamisi saa nne asubuhi tunazika."

"Amekutumia tiketi?" Uzi akauliza.

"Amesema anaondoka saa kumi. Mengine simu inajua."

"Simu imekupigia mstari ulionyooka, mpwa wangu. Ndege ya moja kwa moja kutoka kule haipo. Saba angani, nane kusubiri, tano angani tena, mbili za foleni na barabara. Ishirini na mbili. Anaingia hapa Alhamisi saa nane mchana."

"Mjomba, huo uzi shonea vifungo."

Wakacheka. Msibani, wakacheka. Uzi akaandika hesabu yake, akampa mpwa wake karatasi mkononi, akaenda kukaa nje.

Alhamisi asubuhi binti hakuwapo, na simu yake haikupatikana. Uzi akaomba mazishi yasogezwe mbele kwa muda wa saa nne tu. Wakamjibu kwamba watu wameshakusanyika, jua ni kali, viti ni vya kukodi. Viti! Wakamzika mama wa watu ili viti virudi kwa wakati.

Saa nane kasoro dakika kumi gari likasimama. Binti akashuka na begi moja, akaona watu wananawa mikono yenye udongo.

"Mjomba, hukuwaambia?" akamwuliza Uzi.

Mimi nikainama kwenye meza ya kitabu cha rambirambi, nikachomoa karatasi ya Uzi, iliyokunjwa mara nne na kuwekwa chini ya mguu mfupi wa meza. Nikampa binti. Akaisoma amesimama pale pale mlangoni. Mwisho kabisa, chini ya ishirini na mbili, kwa mwandiko wa ofisini, palikuwa na neno moja: Msubirini.

Meza ikaanza kuyumba. Kaka wa binti akaishika kwa mikono miwili, asijue pa kutazama.