Mtangazaji wa Kibanda cha Hamis

Jumatatu hadi Jumamosi, Ambindwile alikuwa mpima majani ya chai kule Ikuti, na hakuna mkulima aliyewahi kumshika akiiba hata robo kilo. Akina mama walishusha mizigo yao kwenye mzani wake huku wakipiga soga, macho yakiwa kwingine, na waliondoka hivyo hivyo bila kuuliza. Jumapili alikuwa mtu mwingine. Akitoka ibadani alishuka Msasani, ile ya Tukuyu na si ya Dar, kwenye kibanda umiza cha Hamis, banda la mabati la kutazamia mpira, akashika kipaza sauti, na haki yake yote akaiacha mlangoni pamoja na mwavuli.

Chanzo kilikuwa hasira. Ngosi Rangers ilipopanda daraja na mechi zake zikaanza kuonyeshwa kwenye runinga, Tukuyu nzima ilifurahi kwa wiki moja tu. Wiki ya pili ndipo watu walipomsikiliza mtangazaji. Vijana wetu wakishambulia, yeye alikuwa anaeleza mtindo mpya wa nywele wa kiungo wa Dar. Wetu wakifunga, goli lilirudiwa mara moja, haraka haraka, kama vile lilikuwa kosa la mtambo. Wa Dar wakikosa, marudio manne, ya mbele, ya nyuma, ya polepole na ya polepole zaidi. Wachezaji wa Dar walikuwa na majina, na majina ya utani, na hata watoto wao walitajwa. Wa kwetu walikuwa "yule beki", "yule mfupi", "kijana wa wageni". Waliitwa wageni hata siku walipocheza Mbeya!

Mtu wa mzani hawezi kuvumilia jambo kama hilo. Ambindwile alipiga simu kwenye kituo cha runinga mara tatu, akawekewa muziki mpaka salio likaisha. Akarudi kibandani akifoka, akaambiwa akae chini, anawakinga watu. Ndipo akamgeukia Hamis.

"Zima huyo mnafiki. Nitatangaza mimi."

Hamis, ambaye siku za kawaida aliuza viatu vya mitumba sokoni, alikuwa na spika moja tu, ameifunga juu ya mlango, inaangalia nje ili iite wateja. Aliuchomoa waya wake kwenye runinga, akauchomeka kwenye kipaza sauti alichokuwa akikikodisha kwenye harusi. Tangu siku hiyo, miaka miwili sasa, Rangers haijawahi kucheza vibaya Msasani. Ikifungwa, mfungaji ameotea. Ikifungwa tena, refa amekula hela. Watu walijua fika kwamba wanapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na walizidi kuja.

Mmoja tu ndiye aliyepokea maneno yake kama habari. Huyo ni Esnath wa Kawetele, mama yake Alinanuswe, beki wa kati wa Rangers. Esnath aliuza ndizi za kuchoma upenuni mwa kibanda, lakini ndani hakuingia. Mara ya kwanza kumwona mwanawe kwenye runinga, aliona anapigwa kiwiko cha pua, akatapika palepale na kuapa kwamba hatatazama tena. Kwa hiyo alikaa nje na jiko lake, akimfuata mwanawe kwa sauti ya spika. Dakika tano zikipita bila kulisikia jina, alisimama. Ambindwile alilijua hilo, na alilitaja jina la Alinanuswe hata mpira ulipokuwa upande wa pili wa uwanja. Mama wa watu alimwamini, maana majani yake ya chai ameyapima miaka kumi na mmoja.

Jumapili ya robo fainali ya kombe, Rangers ilikuwa Dar es Salaam. Tukuyu mvua ilinyesha tangu asubuhi, na kibanda kilifurika hadi watu wakakalia kreti za soda. Ilikuwa bila kwa bila, dakika ya sabini na moja. Krosi ikaja. Alinanuswe akaruka, mshambuliaji wa Dar akaruka, vichwa vikagongana. Mpira ukamdondokea mchezaji mwingine wa Dar, akafunga. Alinanuswe akaanguka chali, mkono mmoja ukabaki hewani, umekakamaa.

Kamera ikamwacha pale chini. Ilimkimbilia mfungaji kwenye kibendera cha kona, ikaenda kwa mashabiki waliojipaka rangi, ikaenda kwa kocha anayekumbatiwa. Yakaja marudio ya goli, yakakatwa kabla ya kuonyesha nani ameanguka. Ambindwile alisogea karibu na kioo, kana kwamba akisogea ataona kilichoko pembeni ya picha. Ule mkono hakuupenda hata kidogo.

Hakujua kwamba amenyamaza mpaka aliposikia sauti ya nje ikimwita kwa jina la mtoto wake.

"Baba Tupokigwe! Mbona kimya? Mwanangu vipi?"

Kupitia upenyo wa mlango alimwona Esnath amesimama kwenye matone ya paa, kipepeo cha moto mkononi. Angeweza kusema hajui. Lakini mdomo wake ulikuwa umezoeshwa miaka miwili, ukaenda wenyewe.

"Wamefunga la kuotea, ndugu zangu, kila mtu ameona... Na Alinanuswe... Alinanuswe ameinuka. Anajipangusa nyasi. Anawafokea wenzake warudi nyuma!"

Kibanda kizima kikageuka kumtazama.

"Ndaga, tata," Esnath alishukuru kule nje, akakaa, akageuza ndizi.

Kamera ilirudi mara moja tu, kwa mbali. Watu wamesimama duara. Mchezaji mmoja wa Rangers amepiga magoti, mwingine amejishika kichwa. Machela inakuja mbio. Kisha picha ikarudi kwa mfungaji.

"Huyo mtangazaji lazima anasema kitu," Hamis alinong'ona, waya wa spika mkononi. "Nirudishe sauti?"

Ambindwile alimshika kiganja. Sauti ikirudi, itatokea juu ya mlango, juu ya kichwa cha Esnath. Mama atasikia yote, na habari ya mwanawe ataipata kwa mtu anayemwita "yule beki". Na kama ni habari mbaya? Mtu mmoja alikuwa anapigia simu wachezaji wa akiba, na zote hazipatikani. Jasho lilimtiririka Ambindwile mgongoni katika baridi ile ya Tukuyu. Aliogopa kujua, akaogopa zaidi kuendelea kutangaza.

Akaweka kipaza sauti chini, akatoka.

"Mama Alinanuswe," alisema, mvua inamnyeshea, "hajainuka. Nimesema uongo. Alianguka, na hawa watu hawamwonyeshi. Machela nimeiona. Zaidi ya hapo sijui kitu, Mungu ni shahidi."

Esnath alimtazama kama mtu aliyeongea lugha ngeni. Kipepeo kikamdondoka. Ambindwile aligeuka, akamfanyia Hamis ishara kwa kichwa, na juu ya mlango spika ikakoroma, kisha kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili ikatoa ile sauti laini ya Dar:

"...na taarifa tulizonazo, yule beki wa wageni amezinduka, anaongea na madaktari, anapelekwa hospitali kwa uchunguzi. Sisi turudi kwa mfungaji wetu, maana goli hili, ndugu mtazamaji, ni la kuangalia tena..."

Ndani watu walilipuka kwa vigelegele. Hamis alipiga makofi, akaita, "Umesikia, mama? Yuko hai! Anaongea!"

Esnath hakusogea. Alikuwa ameinua uso kwenye spika, maji yanamtiririka mashavuni, hujui yapi ya mvua. Kisha akamgeukia Ambindwile, na sauti yake ilikuwa ya chini, bila ukali wowote.

"Huyo hajui hata jina la mwanangu," alisema. "Wewe unalijua, na umenidanganya. Sasa nimwamini nani?"