Washambuliaji wa Kununuliwa

Juzi nilirudi Tanga kwa arusi ya binamu yangu, na asubuhi nikapita kwa kinyozi, mtaani kwetu Mabawa. Nikawakuta vijana wakibishana mpaka mishipa ya shingo imewatoka. Timu yao imepata mfadhili. Sasa fedha yote iende kwenye safu ya ushambuliaji, au na mabeki wapate chochote? Mmoja akasema, "Mshambuliaji hununuliwa, hazaliwi mtaani." Ndugu yangu, niliruka kitini hata kinyozi akanikwangua sikio.

Maneno hayo hayo niliyasikia utotoni. Timu yetu ya watoto ilikuwa ikilelewa na mwenye duka wa mtaani kwetu. Mbele tulicheza watatu: mimi pembeni kushoto, mtoto wa fundi baiskeli, na jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Tukitoka uwanjani tulijazana uani kwa bibi yangu, aliyekuwa akikaanga viazi karai vya kuuza. Vilivyovunjika vilikuwa vyetu, na ukwaju wake ulikuwa mkali hata jicho moja linafumba lenyewe. Lakini huli mpaka umchotee maji na kumenya viazi vya kesho.

Basi siku moja, baada ya Alasiri, mwenye duka akawaita watu barazani kwake. Tulikuwa tumefungwa na watoto wa mtaa wa Chumbageni, na yeye amechoka kuchekwa sokoni. Akatangaza kuwa atawachukua washambuliaji watatu wa Chumbageni wenyewe, awape viatu vipya na jezi, na chai nzito kila asubuhi.

Mwalimu wa timu akapinga. "Bwana, tunafungwa kwa sababu mabeki wanateleza, wako peku. Wanunulie hao viatu kwanza. Hawa wa mbele wakipata mpira wanafunga."

"Beki hata kisiki kinatosha," mwenye duka akajibu. "Mshambuliaji hununuliwa, hazaliwi mtaani."

Ubishi ukaenda mpaka adhana ya Magharibi. Mwalimu akashindwa, maana hata mpira wenyewe ulikuwa wa mwenye duka. Kisha mzee yule akanigeukia. Nilikuwa nimevaa jezi yangu, namba kumi na moja.

"Vua."

Nikamwambia nitaileta ikishafuliwa.

"Vua hapa hapa."

Nikavua mbele ya mtaa mzima. Nikarudi nyumbani kifua wazi, na wasichana waliokuwa wakitoka chuoni, misahafu vifuani, wakanicheka njia nzima.

Bibi hakunibembeleza. Aliendelea kugeuza viazi vyake.

"Umelia?"

"Sijalia, bibi."

"Vyema. Mwosha huoshwa. Chumbageni si hawana washambuliaji sasa?"

Kesho yake sisi watatu tukaenda Chumbageni. Nahodha wao akatupima kwa macho. "Mmetumwa?" Nikamjibu, "Tumefukuzwa." Akacheka, akanisukumia mpira. Tangu hapo kila alfajiri nilikimbia, na kila mpira niliopiga niliuona una uso wa mwenye duka. Sikufichi: sikucheza kwa mapenzi, nilicheza kwa chuki, na chuki haichoki upesi.

Timu zilipokutana tena, mwenye duka aliwekewa kiti kando ya mstari. Mvua ilikuwa imenyesha. Washambuliaji wake waling'aa kwa viatu, lakini mpira haukuwafikia. Mabeki, bado peku, walianguka kila nilipogeuka. Aliyenikaba alikuwa rafiki yangu wa siku nyingi. "Taratibu basi, mwenzangu," akaninong'oneza. Sikumsikia. Nikafunga la kwanza, mtoto wa fundi baiskeli akafunga la pili. La tatu kipa alikwisha lala chini. Nikaukanyaga mpira kwenye mstari wa goli, nikamtazama mwenye duka mpaka akainamisha macho, ndipo nikausukuma. Bibi, peke yake katikati ya watu wa Mabawa, akapiga kigelegele.

Mchezo ulipokwisha, mwenye duka akanijia na jezi yangu, imekunjwa vizuri.

"Mwanangu, rudi kwenu. Namba yako ipo."

"Mvishe uliyemnunua," nikamwambia.

Sikumpa shikamoo siku ile, wala sikumpa tena maishani. Kila alipopishana nami njiani alipunguza mwendo, akiingojea. Nilipita. Bibi, aliyeweza kunichapa kwa kumsahau mzee yeyote, kwa huyo hakuniuliza kitu.

Uwanja wetu leo ni nyumba na kuta zenye vigae vya chupa juu. Duka limekuwa la simu. Viazi karai bado vinauzwa, ila ukwaju wa siku hizi umetiwa sukari. Bibi alitangulia, mwenye duka akafuata. Nilipopigiwa simu ya msiba wake nilisema Inna lillahi, kama dini inavyotaka, kisha nikamaliza chakula changu, na kilikuwa kitamu.

Mke wangu huniambia nimsamehe marehemu. Labda. Lakini uwanja haupo, bibi hayupo, wale wenzangu wawili sijui waliko. Katika vyote vya utoto wangu, hasira hii tu ndiyo imebaki nzima. Nikiitoa nayo, nitabaki na nini?